Daftari Tupu Uani kwa Salama

Msalaba mwekundu ulichorwa ukutani kwa Salama siku ya Jumatatu, na kabla ya Jumanne adhuhuri alikuwa ameshaufunika kwa ubao wa vyakula. Juu ya ubao aliandika kwa chaki: wali, sombe, samaki wa mto, lituma, maharagi. Akarudi nyuma hatua mbili, akautazama, akaongeza na pilipili.

"Wakitaka kubomoa," alimwambia binti yake Ramla, "wasome kwanza njo nini wanabomoa."

Msalaba ule huchorwa na watu wa mipango ya mji wa Kindu kwenye jengo lisilo na karatasi zake. Salama hakuwa na karatasi. Alikuwa na meza sita chini ya mabati, mabenchi kumi na mawili, majiko matatu ya makaa, na wateja ambao kwa miaka kumi na minne walikuwa wakila uani kwake bila kumwuliza habari ya karatasi. Wabeba mizigo wa bandarini walikuja na vumbi la saruji vichwani. Watu wa stesheni walikuja siku treni ilipofika na siku ambazo haikufika, ambazo ndizo nyingi. Wanawake wa sokoni walituma mabakuli yao. Sasa barua iliyoletwa pamoja na msalaba ilisema kwamba ifikapo mwisho wa mwezi, kila mgahawa usio na ruhusa katika eneo la makazi utatiwa kufuli.

Salama alikuwa na miaka hamsini na tisa na ulimi ambao haukuzeeka naye. Alijifunga kitenge kipya, akaenda ofisi ya mipango kwa mguu, na kila aliyemwuliza njiani anakwenda wapi alimjibu kwamba anakwenda kuwafundisha watu kusoma.

Aliyempokea alikuwa Jacques, kijana mwenye tai nyembamba na pikipiki yenye kelele, ambaye Salama alimfahamu vizuri kwa sababu alikula kwake mara mbili kwa wiki na hakubakiza hata punje. Jacques alitandaza ramani mezani. Ilichorwa zamani za Wabelgiji, ambao walipiga mistari yao kwa rula kisha wakaenda zao, na tangu hapo hakuna aliyeigusa isipokuwa mende.

"Unaona, mama? Hapa kwako njo zone ya kukala watu. Haiko zone ya biashara."

"Na hao watu wenye kukala, wao hawakuli?"

"Wanakula kwao."

"Kwao kwa nani? Saa sita bwana iko bandari, bibi iko soko, jiko ilizimika tangu asubui. Weye mwenyewe, Jacques, jumatano unakulaga kwa nani?"

Jacques alikohoa, akainamia ramani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu aliupenda kama watu wengine wanavyopenda mpira. Akamweleza kwamba njia ipo. Ruhusa ya kubadilisha matumizi ya kiwanja inaweza kuombwa, choo chake kimeshakaguliwa na ni kizuri, imebaki kitu kimoja tu, komodo-inkomodo.

"Hiyo njo ugonjwa gani?" Salama aliuliza.

"Haiko ugonjwa, mama. Tunabandika tangazo ku mulango yako siku kumi na tano. Tunaacha daftari. Jirani mwenye resto inamusumbua, anaandika jina yake. Jirani mwenye haimusumbui, anaandika pia. Siku ya mwisho mi nakuja pale, nasoma majina mbele ya watu wote, kila mutu anaitika, tunafunga."

Salama aliinua macho kutoka kwenye ramani.

"Lazima yasomwe?"

"Njo sheria."

"Na kama wanakosa kuandika?"

"Kama kuko wa kupinga na hakuna wa kukubali, dosie ya ombi yako inakufa," alisema Jacques, na tumpe haki yake, alisema kwa huzuni. "Mi siwezi kuifufua."

Kwa kawaida daftari la namna hiyo hukaa kwa mkuu wa avenue, yaani wa mtaa. Lakini mkuu wa avenue alikuwa amekwenda Lubutu kwenye matanga ya shemeji yake, na matanga ya Lubutu hayana siku ya kurudi. Basi Jacques alilileta kwa pikipiki mwenyewe, akaliweka juu ya meza ya kwanza uani kwa Salama, jalada la bluu, kalamu imefungwa kwa uzi.

Wa kwanza kuandika alikuwa Blanchard. Nani angekuwa mwingine? Blanchard aliuza saruji na mabati, na miaka minane iliyopita alijenga kando kabisa ya ukuta wa Salama nyumba ya ghorofa, ya pekee katika avenue ile. Alikuja siku ya pili asubuhi na kalamu yake mwenyewe, kwa kuwa ile ya uzi hakuitaka, akajaza ukurasa mzima kwa Kifaransa cha kupigiwa makofi. Moshi unaingia kwenye mapazia. Harufu ya samaki inapanda ghorofani. Watu wa bandarini wanacheka kwa sauti. Kisha akagonga muhuri wa duka lake chini, pa!, kama vile mapazia yake yamekuwa mambo ya serikali.

"Mama Ramla," alisema akifunga kalamu, "mi sina ubaya na weye. Nitakutafutia parcelle, kiwanja mupya, kule njia ya uwanja wa ndege, kubwa kuliko hii. Moshi yako itapata nafasi."

Avenue nzima ilijua kwamba alikuwa akiutaka ua ule kwa ajili ya malori yake. Salama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Papa Blanchard, moshi yangu ilitangulia kufika. Nyumba yako njo ilikuja kuisumbua."

Wabeba mizigo wawili waliokuwa wakinywa chai waliangua kicheko, na Blanchard akaondoka amevimba. Ramla aliona ushindi tayari. Watu wangapi wanakula pale kwa siku? Sitini, sabini. Katika avenue peke yake kuna nyumba ishirini na kitu, na hakuna hata moja ambayo haijawahi kutuma mtoto na bakuli. Siku moja tu, alisema, na ukurasa wa Blanchard utafunikwa na majina mpaka upotee.

Siku ya tano daftari lilikuwa na ukurasa wa Blanchard peke yake. Siku ya tisa pia.

Si kwamba watu hawakuja. Walikuja, wakala, wakamtukana Blanchard kwa moyo wote, wakamwombea Salama kwa Mungu, Waislamu kwao na Wakristo kwao. Lakini Ramla alipowasogezea daftari, kila mmoja alipatwa na jambo. Neema, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye asingeweza kupitisha siku bila kuja kupiga domo jikoni, alisema miwani yake imepotea, na miwani ilikuwa kichwani. Fundi wa baiskeli alisema mkono umekufa ganzi. Mwingine alisema kesho, na kesho yake akala kwa mama mwingine ili asiulizwe.

"Wanafiki!" Ramla alisema, akitupa kitambaa mezani. "Wanakula, wanashiba, na jina moja tu inawashinda!"

"Usiwaite vile," alisema Salama.

"Basi niwaite namna gani?"

"Usiwaite hata kidogo. Na usiwaulize tena."

Ramla alikuwa na miaka ishirini na minane. Mambo ya vita aliyajua kama mtu anavyojua hadithi za ukoo, kwa vipande. Salama aliyajua mazima, na ilikuwa hivi.

Mwaka ule wa 2002 Kindu ilifungwa. Wenye bunduki walioshika mji walikuwa ndani, wenye bunduki waliowapinga walikuwa msituni, na watu wa kawaida walikuwa katikati na njaa yao. Aliyekwenda shambani hakurudi, au alirudi uchi. Treni ilisimama, mitumbwi ilichukuliwa, chumvi ilipimwa kwa kijiko cha chai. Watu walikula mizizi ya mipapai na kusema imewakaa vizuri.

Salama alikuwa na sufuria ya mama yake, ile ya pilau za harusi, ambayo mbuzi mzima anaingia na nafasi inabaki. Harusi hazikuwapo. Akaitoa, akaiweka uani, akaziambia nyumba kumi na mbili za avenue zilete kila zilichonacho: huyu kuni, huyu matembele, huyu kikombe cha mchele alichokificha darini, huyu mawese ya kupaka tu. Kidogo cha kila mmoja kilikuwa si chakula. Kikipikwa pamoja kilikuwa chakula, hivyo tu, na avenue ile haikuzika mtoto kwa njaa mwaka ule.

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka haki, alishika daftari. Aliandika jina la mtu na pembeni alichokileta. Saa sita mchana alisimama karibu na sufuria na kuyasoma majina kwa sauti, moja moja, na mtu akisikia jina lake alitoka nyumbani na sahani, akaitika "Niko!", akapakuliwa. Salama alikuwa amegundua kwamba watu wenye heshima zao wangekaa ndani wafe kuliko kuja kusimama mbele ya sufuria ya mtu. Lakini mtu aliyeitwa kwa jina lake hakujiona mwombaji. Alikuja kifua mbele. Alijivunia sana ubunifu ule, hilo lazima lisemwe.

Siku ya Alhamisi, mwezi wa nane, wenye bunduki waliingia uani. Walilikuta daftari limetundikwa kwenye msumari. Neema, mawese. Assani, kuni. Fulani, mchele. Mkubwa wao alilifungua, akasoma, akatabasamu. Akauliza haya yote yanapelekwa kwa nani msituni. Salama alisema ni chakula cha majirani. Yule mtu akacheka, akatazama saa yake, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuambiwa na mtu jinsi mambo yanavyokwenda pale, akasimama karibu na sufuria na kuanza kusoma majina kwa sauti.

Na watu wakaja.

Walikuja na sahani. Ilikuwa saa sita, walikuwa na njaa, jina limeitwa. Assani, mtoto wa Muzee Bulaimu wa nyumba ya mkabala, miaka kumi na tisa, siku zote alikuwa wa kwanza, alikuja anakimbia, kijiko kimechomekwa mfukoni, akasema "Niko!" kabla hajaona bunduki. Nyuma yake walikuja sita wengine, mmoja mmoja, kila mmoja akiitika. Salama alikuwa amesimama na upawa mkononi. Mtutu mmoja ulielekezwa kwa Ramla, wa miaka sita wakati ule, aliyekaa kizingitini. Salama alikuwa na mdomo, na hakuufungua. Watu saba walipelekwa upande wa mto. Baada ya mwezi walirudi wawili, na Neema alikuwa mmoja wao. Assani hakurudi.

Hakuna aliyewahi kumlaumu. Hilo ndilo lililomla zaidi. Vita vilikwisha, na miaka minane baada ya Alhamisi ile alifungua mgahawa kwenye ua uleule kwa sababu alikataa katakata kwamba wale watu ndio wawe wa mwisho kusimama pale kando ya chakula. Majirani walikuja kula. Ni Muzee Bulaimu peke yake ambaye hakukanyaga. Alikuwa dereva wa treni aliyestaafu, mrefu, mkavu, na kwa miaka ishirini na miwili kila alipotoka kwake alivuka upande wa pili wa njia, akapita bila kugeuza shingo, kisha akarudi upande wake.

Basi Salama angewezaje kumwambia mtu wa avenue ile: weka jina lako kwenye daftari, hapa uani kwangu, litakuja kusomwa kwa sauti?

Siku ya kumi na nne alikwenda sokoni mwenyewe kutafuta samaki, akakawia. Aliporudi alimkuta Ramla anaimba. Siku ya kumi na tano saa nne Jacques alifika na pikipiki yake, akalifungua daftari, na uso ukamng'aa.

"Aa, mama! Kumbe watu waliandika!"

Salama alisogea. Baada ya ukurasa wa Blanchard kulikuwa na majina kumi na moja, moja kwa wino wa bluu, moja mweusi, jingine limeinama kushoto, jingine kulia. Herufi ya "a" ilikuwa na mkia mdogo juu katika yote kumi na moja. Ni yeye aliyemfundisha Ramla kuandika "a" ya namna ile. Alimgeukia binti yake, na Ramla akatazama sufuria.

"Nilifanya kwa ajili yako," Ramla alinong'ona. "Ni majina tu, mama. Wote wanakupenda. Ni kama wameandika."

Salama alitaka kumzaba kofi na alitaka kumkumbatia, na hakupata nafasi ya lolote, kwa sababu ua ulikuwa umeanza kujaa. Tangazo lilisema saa nne, na watu walikuja kuona. Waliweza kutazama, kutazama hakuhitaji jina. Neema alikuja, fundi wa baiskeli akaja, wabeba mizigo walisimama nyuma. Blanchard alishuka kutoka ghorofani na shati lililopigwa pasi. Hata Muzee Bulaimu alionekana, ng'ambo ya njia, amesimama chini ya mwavuli wake mweusi, hajavuka.

Jacques alipanda juu ya benchi. Alisafisha koo. Utaratibu ulikuwa umefika na alikuwa na furaha.

"Nitasoma majina ya wenye kukubali. Kila mutu anaitika. Neema..."

Neema hakuitika. Alikuwa amesimama karibu na jiko la katikati, na mikono yake miwili ilipanda yenyewe ikamfunika mdomo. Mtu mmoja alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, taratibu, bila kugeuka, na mwingine nyuma yake.

"Neema?" Jacques alirudia, akiangalia huku na huku. Alikuwa mtoto wa shule ya awali wakati wa vita, tena kwao Kibombo. Alishuka kwa kidole kwenye mstari wa pili. "Bulaimu..."

"Usisome!"

Sauti ilimtoka Salama kabla hajaiamua. Ilikuwa kubwa, ilikuwa mbaya, ilimkwaruza koo. Alimfikia Jacques na kumpokonya daftari mkononi kama mtu anayempokonya mtoto kisu.

"Usisome hata moja! Hawa hawakuandika. Hakuna hata mutu mumoja aliandika. Ni bongo tupu, ni uongo." Alivuta pumzi. "Iliandikwa hapa kwangu, na mukono wa nyumba yangu. Mi njo mwenye nyumba, mi njo najibu."

Aliikamata ile kalamu ya uzi na kufuta. Hakufuta kwa upole. Alipiga mstari juu ya kila jina, mara mbili, mara tatu, mpaka karatasi ikachanika kwenye jina la saba. Ramla alilia kimya kimya. Salama alipomaliza alimrudishia Jacques daftari, akasimama wima katikati ya ua wake, jasho likimtiririka, na kwa mara ya kwanza katika siku kumi na tano alijisikia mwepesi.

"Mama," alisema Jacques polepole, "unajua kile umefanya? Sasa hakuna mutu. Iko Papa Blanchard peke yake."

"Najua."

"Dosie inakufa."

"Ikufe. Weka kufuli yako. Kesho nitapika inje ya kufuli, ku barabara, na kesho kutwa munaweza kufunga na barabara. Lakini majina ya watu hayatasomwa hapa kwa bongo, na mi hai. Nilinyamaza mara moja. Mara moja inatosha."

Blanchard alipiga makofi mawili madogo. "Sheria ni sheria," alisema. "Monsieur Jacques, funga."

Jacques alifungua kifuniko cha kalamu yake. Hapo mtu akasema, "Subiri."

Muzee Bulaimu alikuwa amevuka njia. Alikunja mwavuli, akainama kidogo kupita chini ya mabati, akaingia ua ambao hakuwa ameukanyaga tangu Alhamisi ile. Watu walimpisha. Alikwenda moja kwa moja mpaka mezani, akaliinamia daftari, akatafuta kwa kidole mahali jina lake lilipofutwa.

"Nani alikutuma kuandika jina yangu?" aliuliza, na Ramla akazidi kulia. Kisha akamgeukia Salama. "Na weye, nani alikutuma kuifuta?"

"Muzee..."

"Jina ni yangu. Mwanamuke huyu anaandika, mwanamuke huyu anafuta. Mi niko nini, chaki?" Mtu mmoja nyuma alicheka kwa woga akanyamaza. Bulaimu hakucheka. "Miaka ishirini na mbili nangoja neno moja kwako, Salama. Sikungoja pole. Pole nilipata kwa wote. Unajua njo neno gani?"

Salama alilijua. Alikuwa amelala nalo na kuamka nalo.

"Mi sikukuwa ku daftari."

"Haukukuwa."

"Niliandika watu wote. Mi mwenyewe sikujiandika. Mwenye kusoma hajiiti. Njo maana wao hawakuniita."

"Njo ile," alisema mzee. Alifumba macho, akayafungua. "Njo ile, basi. Ilikuwa ya kusema tu." Alichukua kalamu ya uzi, akaifuta wino kwa kidole gumba, akamnyooshea. "Assani alikuwa wa kwanza siku ile. Leo uanze weye."

Jacques alikohoa. "Muzee, kwa sheria, mwenye kuomba ruhusa hasaini ku daftari ya majirani..."

"Kijana," alisema Bulaimu bila kumtazama, "niliendesha treni miaka thelathini na moja ku reli yenye haiko. Usiniambie habari ya sheria."

Salama aliandika. Mkono uliokuwa umefuta majina kumi na moja kwa pupa uliliandika hili moja herufi kwa herufi. Chini yake Bulaimu aliandika lake, kwa herufi kubwa za mtu aliyejaza ripoti za stesheni maisha yake yote, akachora na mstari chini yake. Aliweka kalamu.

"Usinishukuru," alimwambia. "Kukula kwako, sikuli. Mpaka kaburi. Lakini wale watu walitufundisha kuogopa majina yetu wenyewe, na mi sitakufa mwanafunzi wao."

Neema alikuwa ameshateremsha mikono usoni. Alikuja, akavuta miwani kutoka kichwani, akaivaa mbele ya watu wote bila haya, akaandika. Fundi wa baiskeli akaja na mkono wake uliopona ghafla. Halafu ikawa foleni, na wabeba mizigo waliokuwa si wakazi wa avenue walitaka kuingia nao, ikabidi Jacques awakataze kwa ukali. Blanchard alisema hili ni soko, si uchunguzi, na alipoona hakuna anayemsikiliza alipanda kwake akafunga madirisha. Karatasi ya ruhusa ilitoka baada ya wiki sita, na sharti moja, bomba la moshi lirefushwe mita mbili. Nalisema sasa ili mtu asibaki na wasiwasi, kwa sababu siku ile hakuna aliyekuwa akifikiria karatasi.

Walipokwisha kuandika, Jacques alihesabu majina ishirini na matatu. Hakupanda tena juu ya benchi. Alisimama chini, daftari limefunguka mikononi, akamtazama Salama, halafu akamtazama Muzee Bulaimu.

"Inabaki kusoma," alisema kwa sauti ndogo. "Kama munakubali. Kama hamukubali, nitaandika kama nilisoma."

Ilikuwa imekaribia saa sita. Sufuria ya wali ilikuwa ikitoa mvuke, na kutoka bandarini ilisikika honi ya mashua.

"Soma," alisema Bulaimu. "Kwa nguvu."

Jacques akavuta pumzi, akasoma jina la kwanza.

"Salama binti Soudi."

Uani pale alikuwa ameita watu mamia ya mara, na hakuwa amewahi kuitwa.

"Niko," alisema.